Mwito ni Mmoja, Kazi Zinabadilika

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wachungaji walio ndani ya chama, mbele ya wanachama na wafadhili



Komite ilituomba sisi wachungaji tujibu swali moja ambalo limezunguka sana katika mikutano yetu: mchungaji aliyerudi kutoka ukimbizini na hakukuta kanisa la kuchunga, je, Mungu bado anamwongoza, ao mwito wake ulibaki kambini? Tunajua swali hili haliulizwi kwa dharau. Linaulizwa na watu wanaotuona asubuhi tukienda shambani na jembe begani, na siku ya Mungu tukikaa benchi la nyuma kama waumini wengine.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata, tukapokelewa mkoani Kigoma, kule Nyarugusu na Lugufu. Kambini watu waliishi karibu karibu, kengele ikilia kanisa linajaa. Mchungaji alijulikana na kila mtu. Kisha mwaka 2005 HCR ikaanza kuwarudisha watu kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Watu waliokuwa kanisa moja wakatawanyika: hawa Fizi, hawa Uvira, wengine wakabaki Nyarugusu, wengine wakapelekwa Marekani. Mchungaji akafika kijijini kwao, akakuta kanisa la pale liko na mchungaji tayari. Hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba nafasi haikuwepo.

Hapo ndipo imani inapimwa. Juu ya desturi yetu tumezoea kuona uongozi wa Mungu kama ngazi: leo mwinjilisti, kesho mchungaji, kesho kutwa mchungaji mkuu. Mtu akipanda, tunasema Mungu yuko pamoja naye. Akishuka, tunaanza kunong'ona. Sisi tunawaambia leo ya kwamba Biblia haifundishi hivyo, na maisha ya watumishi wa Mungu hayaonyeshi hivyo.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye baadhi ya wazee hapa wamesikia habari zake, Festo Kivengere wa Uganda. Alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi ya ile nchi, na alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe. Akawa mwalimu wa shule. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipofika kwao, aliokoka, na kazi yake ya kwanza baada ya hapo iliendelea kuwa chaki na ubao. Mwaka 1946 alihamia Dodoma, Tanganyika, pamoja na mke wake Mera, akafundisha shule huko zaidi ya miaka kumi. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mwalimu anayehubiri.

Mwaka 1960 Billy Graham alipokuja Afrika Mashariki, Festo alisimama pembeni yake akitafsiri. Fikirini kidogo kazi ya mkalimani: maneno si yake, na sifa pia si zake. Baadaye akaenda kusoma teolojia Pittsburgh, Marekani, mtu mzima kati ya vijana. Alipobarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1967, alikuwa anakaribia miaka 50. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Tungesimama hapo, hadithi ingekuwa nzuri ya kupanda ngazi. Lakini mwezi wa pili mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa wakati wa utawala wa Idi Amin. Festo na Mera wakakimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama sisi. Hakuwa tena na kiti wala nyumba ya kanisa. Katika ule ukimbizi alihubiri msamaha, hata akaandika kitabu ambacho jina lake lilisema anampenda Idi Amin, na watu wengi walishangaa. Tena alitafuta msaada kwa ajili ya wakimbizi wenzake wa Uganda. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, akarudi nyumbani kujenga tena, mpaka alipofariki mwaka 1988.

Hesabuni kazi zake: mchunga ng'ombe, mwalimu, mkalimani, mwanafunzi, mchungaji, askofu, mkimbizi, mrudi. Mwito ulikuwa mmoja. Kazi ndizo zilizobadilika. Na ile kazi ndogo ya nyuma haikupotea: aliyezoea kueleza jambo darasani kwa maneno mepesi, ndiye aliyeweza kusimama mbele ya umati.

Biblia nayo inasema vilevile. Ibrahimu alitoka kwao bila kuambiwa jina la mahali anapokwenda. Paulo alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa. Akataka kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Mwisho akajikuta Makedonia. Mkisoma Matendo sura ya 16 mtaona ya kwamba mlango uliofungwa ulikuwa sehemu ya uongozi. Na alipofika Korintho, yule mtume mkubwa alishona mahema pamoja na Akila na Prisila ili apate chakula. Hakuna mahali panaposema ya kwamba siku za kushona mahema alikuwa ameacha mwito.

Sasa, ndugu, tunataka kusema jambo moja waziwazi ili tusieleweke vibaya. Hatusemi Mungu alileta vita ili awafundishe wachungaji. Watoto tuliowazika njiani hawakuwa somo la mtu yeyote. Ubaya ni ubaya, na waliofanya wataulizwa. Tunachosema ni hiki: ubaya haukuweza kumzuia Mungu asitutumie upande wa pili. Kumtumainia Mungu si kusema yote yaliyotupata ni mazuri. Ni kukataa kusema yote yamekwisha.

Vijana watuuliza: mtajuaje kazi mpya inatoka kwa Mungu na si njaa tu inayowasukuma? Swali zuri. Sisi tunaangalia mambo matatu. La kwanza, je, kuna shida ya kweli mbele yetu, ambayo mikono yetu inaweza kuisaidia? La pili, je, ndugu wengine wanaona vilevile? Mchungaji anayesema "Mungu aliniambia" na hataki kuulizwa na wazee, mumwogope. La tatu, je, kazi hii inafaa wengine hata kama jina letu halitajwi? Kazi ikipita katika hayo matatu, tunaishika. Isipopita, tunangoja na kuomba.

Mtazame mambo yanavyoonekana hapa kwetu. Wengi waliporudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, nao hao wengine wako na watoto wa kulisha. Ni nani anaitwa kukaa kati ya jamaa mbili kabla hawajafika kwa chifu wakiwa na hasira? Mara nyingi ni mchungaji asiye na kanisa, juu yeye ana muda, na watu wa pande zote mbili wanamjua tangu kambini. Mwenzetu mmoja anafundisha wamama kusoma na kuandika, jioni, baada ya kuanika mihogo. Mwingine anauza ndagala sokoni, na pale kwenye meza yake wajane wanaongea mambo ambayo hawangesema ofisini. Mwingine anatembelea wagonjwa kwa miguu, vijiji vitatu kwa juma. Hawa hamtawaona kwenye mimbara. Lakini kondoo wanachungwa.

Kwa hiyo, kwenu wanachama, tuko na ombi. Msituondoe kwenye likelemba kwa kusema mchungaji anakula sadaka. Wengi wetu hatuna sadaka. Tutachanga kama wengine, kwa mihogo ao kwa franka, na zamu yetu ikifika tutapokea kama wengine. Tena msituite "mchungaji wa zamani". Maneno hayo yanauma, na pia si ya kweli.

Kwenu wachungaji wenzetu: usikae nyumbani ukingoja kanisa la kambini lirudi. Halitarudi. Wale watu wako Baraka, wako Nyarugusu, wako Marekani, na Mungu yuko nao kule kule. Mtumishi anayelinda kiti kisichokuwepo anaumia bure, na jirani yake naye anakosa msaada.

Na kwenu wafadhili, asante kwa kuja. Mara nyingi mnatuuliza ni makanisa mangapi yamejengwa. Ni swali la haki, lakini tunawaomba muongeze mengine: ni jamaa ngapi zimepatanishwa shambani, ni wamama wangapi leo wanaandika majina yao wenyewe, ni mjane gani alipata mtu wa kumsikiliza. Hatuombi mshahara wa wachungaji. Tunaomba chaki, madaftari, mbegu za muhogo zisizo na ugonjwa, na baiskeli kwa wale wanaokwenda kusuluhisha vijiji vya mbali. Vitu hivyo vitaandikwa kwenye kitabu cha chama, na kila mwanachama ana haki ya kukifungua na kusoma.

Basi jibu letu kwa swali la komite ni hili. Mwito haukubaki kambini. Aliyetuvusha ziwa kwenda, na akatuvusha kurudi, hajatupa ramani ya njia yote. Anatupa kazi ya leo. Tunaomba mtuachie tuifanye, na mtusaidie.