Umejuaje? Swali Tuliloachiwa na Wagiriki

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nilipoombwa niseme nanyi juu ya mchango wa Wagiriki wa kale katika hisabati, fizikia na uvumbuzi, nilikumbuka mambo mawili. La kwanza ni mwalimu wetu wa hisabati, ambaye sasa ni marehemu. Wa rika langu mnakumbuka kwamba tulimpa jina la "Mwalimu Umejuaje". Ukimpa jibu lenye makosa, alikueleza kosa lako. Ukimpa jibu sahihi, alikutazama juu ya miwani akauliza, "Umejuaje?" Ukishindwa kueleza, ulikaa chini na sifuri yako. Tulimwona mkorofi. Jambo la pili ni tangi moja la maji, nalo nitalieleza baadaye, maana ndilo lililonifanya nimwelewe mwalimu yule.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wagiriki hawakuanzisha hesabu. Wababeli walijua uhusiano wa pande za pembetatu yenye pembemraba zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Wamisri nao, mnamo mwaka 1550 K.K., walikuwa na njia nzuri ya kukadiria eneo la duara. Wagiriki walijifunza kwa watu hao. Walichoongeza wao ni kudai uthibitisho. Haikuwatosha kwamba kanuni imetoa jibu jema mara mia. Walitaka waonyeshwe kwa nini haiwezi kushindwa mara ya mia na moja. Mnamo mwaka 300 K.K. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria katika nchi ya Misri, alipanga elimu hiyo katika vitabu 13. Alianza na mambo machache ambayo mtu yeyote angeyakubali, kisha akajenga juu yake hatua kwa hatua, kama mwashi apangavyo tofali juu ya tofali.

Nitoe mfano tunaoujua sote. Tulifundishwa kwamba pai ni 22/7. Je, hiyo 22/7 ilitoka wapi? Ilitoka kwa Archimedes, mtu wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aliyeuawa Warumi walipouteka mji huo mwaka 212 K.K. Alichora umbo la pande 6 ndani ya duara, na jingine nje ya duara lilo hilo. Mzingo wa duara hauna budi kuwa mrefu kuliko mzunguko wa umbo la ndani, na mfupi kuliko ule wa umbo la nje. Akaziongeza pande mara mbili mbili: 12, 24, 48, mpaka 96. Mwishowe akathibitisha kwamba pai ni zaidi ya 3 10/71 na ni pungufu ya 3 1/7. Hiyo 3 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Kwa hiyo mzee huyu hakusema kamwe kwamba pai ni sawa na 22/7. Alisema haifiki hapo, tena akaonyesha mpaka wa upungufu wake.

Archimedes alithibitisha pia kwamba eneo la duara ni sawa na eneo la pembetatu ambayo kitako chake ni mzingo wa duara na kimo chake ni nusukipenyo. Njia rahisi ya kuliona jambo hili ni kulikata duara kama chapati, vipande vyembamba vyembamba kutoka katikati. Kila kipande hukaribia kuwa pembetatu, na kimo cha kila kimoja ni nusukipenyo. Anayejua hivyo hawezi kuweka kipenyo mahali pa nusukipenyo. Anayekariri tu anaweza.

Sasa niwaeleze habari ya tangi. Nilipokuwa mtumishi kijana mwenye digrii mpya, liliwekwa mezani pangu jalada la tangi la maji ya mvua kwa ajili ya kijiji kimoja. Kipenyo chake kilikuwa mita 4 na kimo mita 2. Karatasi ya hesabu ilisema tangi litachukua lita 100,000, za kutosha siku 40 kwa matumizi ya lita 2,500 kwa siku. Karatasi ilipigwa chapa vizuri, na chini yake palikuwa na sahihi za watu wawili walionizidi cheo. Nami nikatia yangu, ikawa ya tatu.

Kiangazi kilipofika, maji yalikwisha siku ya kumi. Nilitumwa kwenda kuangalia kama tangi linavuja. Halikuwa likivuja. Mama mmoja mtu mzima, ndoo yake iko miguuni, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo siku arobaini mlizihesabu kwa kalenda gani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nililifungua tena jalada. Aliyekokotoa alikuwa ametumia kipenyo, mita 4, mahali pa nusukipenyo, mita 2. Tangi lilichukua lita 25,000 tu. Kuligundua kosa hilo kulinichukua dakika mbili, na dakika hizo mbili nilikuwa nazo siku ile nilipotia sahihi. Kwa viangazi viwili, mpaka matangi mengine yalipojengwa, akina mama wale walirudi kuchota maji mtoni. Ndugu zangu, sahihi ile haijanitoka moyoni hata leo.

Vijana, msidhani kwamba uthibitisho ni kazi ya karatasi tu. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, na mkuu wa maktaba ya Alexandria, aliipima dunia kwa kivuli. Alijua kwamba siku moja katika mwaka, saa sita mchana, jua huwa utosini kabisa huko Syene, ambako leo ni Aswan. Saa hiyo hiyo huko Alexandria kivuli kilionyesha kwamba jua limeinama kwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Basi akazidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia: stadia 250,000. Yeyote aliyebisha angeweza kuchomeka kijiti chake mwenyewe ardhini.

Katika ufundi pia walifika mbali. Ktesibios wa Alexandria, katika karne ya 3 K.K., alitengeneza pampu ya maji yenye pistoni na vali, na pampu nyingi za leo bado hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1901, kutoka katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Antikythera, kilipatikana chombo cha shaba nyeusi chenye magurudumu ya meno, ambayo 30 yamesalia, kilichoonyesha mwendo wa jua na mwezi na siku za kupatwa kwake.

Hata hivyo, Wagiriki nao walikosea. Aristotle alifundisha kwamba kitu kizito huanguka kwa kasi zaidi kadiri ya uzito wake. Kwa kuwa aliyesema ni Aristotle, wengi walilikubali jambo hilo kwa karne nyingi, hata Galileo wa Italia alipolipima na kulikanusha. Jina kubwa lilikuwa limechukua mahali pa uthibitisho, kama zile sahihi mbili zilivyochukua mahali pa akili yangu.

Basi wanafunzi, mkiambiwa jambo, ulizeni kwa adabu, "Tumejuaje?" Nanyi wenzangu ambao kalamu zenu hupitisha mambo ya watu, lisomeni jalada kabla ya kutazama nani ametia sahihi. Mwalimu wetu hakutuonea. Alikuwa akitukinga na aibu ya kusimama mbele ya mama mwenye ndoo tupu.