Ziba Baridi Kwanza, Ndipo Upashe Sakafu Joto
Mazungumzo kwa wakazi wa Nyandarua wanaoishi katika nyumba za zamani



Baridi ya Julai haihitaji kuelezwa katika kaunti hii. Ol Kalou na Njabini ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri maji ya ndoo hukata vidole. Familia nyingi hukabiliana na usiku huo kwa njia moja: jiko la makaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, watu hulala. Wapo waliolala hivyo wasiamke.

Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliye usingizini hazisikii.

Ipo njia nyingine ya kupasha nyumba joto, nayo ni sakafu yenye joto. Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu, na Wakorea wana sakafu zao za joto, ziitwazo ondol, hadi leo. Siku hizi fundi hulaza mabomba ya plastiki yenye maji ya moto, au nyaya maalumu za umeme. Maji hayo hayahitaji kuchemka. Nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi kwa kawaida zinatosha. Kwa hiyo mtambo wa jua unaweza kusaidia, mradi kuwe na tangi la kuhifadhi maji ya moto na njia ya pili ya kuyapasha siku za mawingu.

Hata hivyo, mwenye nyumba ya zamani asianzie hapo. Nyumba inayovuja joto ni kama ndoo iliyotoboka: hata ukijaza namna gani, haijai.

Uvujaji mkubwa huwa juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Paa la mabati lisilo na dari hupoteza joto haraka usiku, na mvuke wa pumzi huganda juu yake ukadondoka kitandani. Dari ya mbao au ya jipsamu, ikiwekewa juu yake pamba ya glasi au sufu ya mawe, hubadilisha chumba kizima. Vifaa hivi hufanya kazi kwa kushika hewa iliyotulia, kama blanketi linavyofanya. Vikilowa havifai, kwa hiyo mabati yanayovuja yarekebishwe kwanza. Unga wa mbao na maboksi hushika moto upesi, hasa karibu na nyaya za umeme.

Baada ya dari, tazama milango na madirisha. Mpira wa kuziba kandokando ya fremu, kizuizi chini ya mlango na pazia zito ni gharama ndogo.

Sakafu huja mwisho, na huwa za aina mbili. Nyumba za walowezi mara nyingi zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye matundu ya hewa katika msingi. Matundu hayo yasizibwe, kwani bila hewa mbao zitaoza. Kizuizi cha joto huwekwa kati ya boriti, chini ya mbao.

Sakafu ya simiti iliyomwagwa juu ya udongo hutaka kazi zaidi. Huwekwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha mbao za polistirini, kisha mabomba, na juu yake simiti mpya. Bila polistirini, sehemu kubwa ya joto lililolipiwa itaingia ardhini. Sakafu inaweza kupanda kwa sentimita 10 au zaidi, hivyo milango itakatwa chini na ngazi za mlangoni zitapimwa upya.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Katika nyumba ya zamani, nyufa zile zile zinazoingiza baridi ndizo zinazotoa sehemu ya sumu ya jiko. Mtu akiziba nyufa, akaweka dari, kisha akaendelea kulala na jiko la makaa, amejiongezea hatari badala ya kuipunguza. Siku nyumba inapozibwa ndiyo siku jiko linatoka chumbani kwa kulala, moja kwa moja. Jikoni nako paachwe tundu la hewa ambalo halizibwi na gunia wala gazeti.

Kabla ya kazi kuanza, mambo matatu yazingatiwe. Nyaya za zamani huenda zisihimili mzigo wa kupasha sakafu. Zikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Paa la asbesto lisitobolewe wala kuvunjwa, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Kuondolewa kwake hufuata masharti ya NEMA. Na mabadiliko makubwa ya jengo huhitaji idhini ya kaunti, kwa hiyo ofisi ya mipango iulizwe mapema.

Asiye na uwezo wa sakafu ya joto hajapoteza kitu. Dari, milango iliyozibwa na mkeka mzito juu ya simiti vitamfaa usiku huu huu, na vitabaki kuwa msingi siku atakapopata uwezo.

Mtu akikutwa amezidiwa ndani ya nyumba yenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, piga 999 au 112, na umfikishe hospitalini hata akionekana amepata nafuu.