Watoto wa Darasa la Sita Waendapo Kampala
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na wazee wa Arua

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada:

Jambo lililowakutanisha hapa ni kambi ya wanafunzi wa darasa la sita kwenda kuuona mji mkuu wa nchi yao. Kutoka Arua hata Kampala ni mwendo wa karibu kilomita 500, na kwa mtoto ambaye hajapata kuvuka daraja la Pakwach, hiyo ni safari ya kwenda dunia nyingine. Yapasa basi mambo yapangwe mapema, kwa kuwa watoto hawa ni amana, na amana haipelekwi njiani kwa pupa.

Wapo watu wasemao, "Kuna faida gani kutumia fedha nyingi kwa ajili ya matembezi?" Wahenga wamekwisha kuwajibu: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtoto wa West Nile hulisikia jina la Kampala katika redio na kulisoma katika vitabu. Aghalabu hudhani kuwa mji ule ni wa wengine, nao hutoa amri tu, na yeye kazi yake ni kuzisikia. Akifika katika Nyumba ya Makumbusho ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa mwaka 1954, ataiona adungu ya Waalur imewekwa pamoja na ngoma na zeze za makabila mengine ya nchi. Hapo atatambua kwamba mji mkuu una kitu cha kwao, na kwamba naye ana sehemu yake katika nchi hii. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kuambiwa tu.

Lakini kabla ya kutaja mahali pa kwenda, imepasa kulitazama jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni hili: ni nani atakayeachwa? Desturi iliyoenea ni kutangaza bei, kisha kubandika ukutani majina ya waliolipa. Siku ya safari gari huondoka, na watoto ambao baba zao wamekufa, au mama zao huuza mihogo sokoni, husimama langoni wakilitazama vumbi lake. Wenzao wakirudi huzungumza juu ya Kampala muhula mzima, na yule aliyeachwa hana neno la kusema. Kambi ya namna hiyo huwafundisha watoto wote, walioenda na waliobaki, kwamba nchi ni ya wenye fedha. Ni heri isifanywe.

Basi hesabu na ifanywe hivi. Kwanza zijumlishwe gharama zote: basi na mafuta yake, chakula, malazi, viingilio, dawa, na fungu moja katika kumi liwe akiba ya dharura. Mathalan watoto wakiwa 40, jumla igawanywe mafungu 40. Iwapo 10 kati yao hawana uwezo, na mzigo wao ukatupwa juu ya wale 30, malipo ya kila mmoja yatapanda kwa theluthi moja, na wengine watashindwa nao. Kwa hiyo mafungu yale 10 yabebwe na sanduku la chama, tena kwa siri. Majina wayajue watu wawili tu, mwalimu mkuu na mtunza hazina, wala lisibandikwe karatasi lolote ukutani. Nao wazazi wenye kipato kidogo waanze kulipa mtoto angali darasa la tano. Mihula ni mitatu kwa mwaka, na muhula ukihesabiwa wiki 12, hiyo ni nafasi ya malipo madogo 36. Haba na haba hujaza kibaba. Kila alipaye apewe stakabadhi, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kabla ya safari na baada yake.

Wakati ulio bora ni mwanzo wa likizo ifuatayo muhula wa pili. Darasa la saba lina mtihani wake wa mwisho, nalo lisisumbuliwe; darasa la sita lina nafasi. Mabweni ya shule za Kampala wakati huo huwa matupu, na shule ya Kiislamu ikiandikiwa barua mapema yaweza kuwapokea wageni kwa gharama ndogo kuliko nyumba ya wageni. Mvua kubwa za Kampala nazo aghalabu zinakuwa bado hazijashika. Ratiba iwe hivi: kuondoka Jumanne, kukaa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na kurejea Jumamosi.

Njiani, gari litoke Arua baada ya sala ya Alfajiri, nalo lifike Kampala jua lingali juu. Safari ya usiku isikubaliwe kwa hali yoyote. Dereva aliyechoka hafai hata kama nauli yake ni rahisi. Basi likaguliwe magurudumu na breki siku mbili kabla, wala si asubuhi ya safari watoto wamekwisha kupanda. Mapumziko yawe Pakwach, kisha Karuma, ambapo watoto waonywe wasiwarushie nyani chakula, kisha Luweero. Hapo Luweero Adhuhuri na Alasiri zitasaliwa pamoja, rakaa mbili mbili, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri. Na kwa kuwa siku za kukaa mjini ni tatu, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo yaendelea mpaka warudi, kwa kauli ya madhehebu ya Shafi. Walimu wawafundishe watoto hukumu hizi wiki kadhaa mbele, ili safari iwe darasa la fiqhi lenye vitendo. Bombo nako, ambako Wanubi wamekaa tangu zamani, wazee wakiandikiwa hawatakosa kuwapatia wapita njia maji ya kunywa na mahali pa kunyoosha miguu.

Mtume (s.a.w.) aliwafundisha wasafiri, hata wakiwa watatu tu, wamfanye mmoja wao amiri. Basi kambi nzima iwe na amiri mmoja, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Watoto 40 wagawanywe makundi matano ya wanane wanane, na kila kundi liwe na mtu mzima anayewajua kwa majina na kwa sura. Wahesabiwe wakipanda na wakishuka, wakiingia na wakitoka. Kila mtoto awe na kadi iandikwayo jina lake, maradhi yake kama vile pumu au selimundu, na nambari ya simu ya mzazi. Tena nambari hiyo aihifadhi moyoni. Afundishwe pia salamu za Kiganda, na kumwita mwanamume "ssebo" na mwanamke "nnyabo", kwa kuwa mgeni mwenye adabu husaidiwa upesi akipotea. Barabara za Kampala zimejaa pikipiki zipitazo kila upande. Mtoto wa Arua anazijua bodaboda, lakini hajaziona kwa wingi ule.

Juu ya malazi, liko jambo lisilofaa kusahauliwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2008 bweni la shule ya msingi karibu na Kampala liliungua usiku, na wasichana wengi wakapoteza maisha yao. Kwa hiyo amiri alitazame bweni kwa macho yake kabla ya kulilipia. Milango iwe miwili au zaidi, ifunguke kwa ndani, wala usiku isitiwe kufuli kwa nje. Mshumaa usiwashwe ndani. Mtu mzima mmoja akeshe kwa zamu, na kila kitanda kiwe na chandarua.

Wasichana wasiachwe. Mara nyingi wazazi huwazuia, na sababu zao zina uzito, basi na zijibiwe kwa matendo. Walimu wa kike wasipungue nusu ya wasimamizi. Bweni la wasichana liwe mbali na la wavulana. Mwalimu wa kike awe na vitu vya kumsaidia msichana atakayeingia hedhini, bila ya kumwaibisha. Na msichana aliyekwisha baleghe, ikiwa mzazi wake ataka awe na mahramu, basi na vitengwe viti vichache kwa baba, kaka au mjomba, ambao watasaidia kubeba mizigo na kulinda.

Ama mjini, mahali pawe pachache na paonekane vizuri. Entebbe, uliokuwa mji wa serikali ya kikoloni kabla Kampala haijawa mji mkuu mwaka 1962, iko yapata kilomita 40, na msongamano wa magari waweza kuimaliza siku nzima. Ingawa watoto wataililia, ni bora iachwe. Jumatano na iwe ya Makumbusho asubuhi, na alasiri Makerere, iliyoanza mwaka 1922. Huko waambiwe wazi kwamba milango ile iko wazi kwao nao wakijitahidi. Alhamisi iwe ya Bunge, ambalo liombwe kwa barua miezi miwili kabla. Hata likiwa mapumzikoni, jengo laweza kuelezwa, na mbunge wa kwao aombwe awapokee. Kutoka hapo si mbali kwenda kulitazama Mnara wa Uhuru, kazi ya Gregory Maloba aliyezaliwa Kenya, uonyeshao mtu mzima akimwinua mtoto juu.

Ijumaa iwe ya misikiti. Watoto wasali Jumaa katika Msikiti wa Taifa, kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Jumaa si wajibu juu ya msafiri, walakini akiisali humtosheleza badala ya Adhuhuri. Kilima hicho ndicho Lugard alichojengea ngome yake mwaka 1890. Leo mnara wake una ngazi zaidi ya 300, na aliyefika juu huviona vilima vya mji vyote kwa mara moja. Alasiri waende Kibuli, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 1951 katika ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu. Waelezwe habari za wafanyabiashara wa pwani waliofika katika kasri ya Kabaka Suna mwaka 1844, wakileta Uislamu. Hapo watajua kwamba dini yao haikuingia nchini jana.

Mwisho, kila mtoto apewe swali moja kabla ya kuondoka, wala swali la mmoja lisiwe la mwingine. Mmoja aulize Bunge lina viti vingapi, mwingine aulize nani aliijenga adungu ile na kwa mti gani. Wakirudi, Ijumaa ifuatayo baada ya sala, wasimame mbele ya jamaa wayatoe majibu yao. Yule yatima aliyelipiwa na sanduku asimame naye kama wenzake, na asiwepo hata mtu mmoja katika mkutano awezaye kumtambua.

Waliotoa fedha wanatakiwa wayasikilize majibu hayo, wala wasiulize zaidi. Kamati ikutane mwezi huu, ichague amiri na mtunza hazina, na barua za Bunge na za malazi zitoke kabla ya muhula kwisha. Mwenyezi Mungu awalinde watoto katika kwenda na katika kurudi, na awarudishe wote kwa idadi ile ile waliyoondoka nayo. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.