Mkono wa Idi na Meno ya Watoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlio majumbani: Idi imekaribia, na watoto wa Bariadi wameanza kuhesabu siku. Asubuhi ile, baada ya sala, watapita nyumba hadi nyumba wakitaka mkono wa Idi, nasi tutawapa. Ni jambo jema. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba zawadi huleta mapenzi, wala mtu asidharau kumpa jirani yake hata ukwato wa mbuzi. Leo nataka kusema juu ya kile tunachokiweka katika viganja vya watoto hao.

Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe. Kwa miaka mingi katika madrasa yangu nilikuwa na kopo la pipi. Aliyehifadhi sura alipewa pipi, na siku ya Idi kopo zima liligawanywa. Alikuwapo mvulana wa miaka minane, hodari wa kuhifadhi, na kwa hiyo mlaji mkubwa wa pipi zangu. Baada ya Idi moja hakuja darasani siku nne. Alipokuja, shavu lilikuwa limevimba, na hakuweza kutamka herufi. Daktari wa meno aling'oa gego. Mama yake akasema, alhamdulillahi, ni jino la utoto, litaota jingine. Daktari akamjibu kwamba halitaota.

Mama yule hakuwa mjinga, kwani wengi wetu hatulijui jambo hili. Magego manne ya kwanza ya ukubwani huota mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi. Huota nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka ili kuyapisha. Kwa hiyo mzazi hana habari, na mtoto hutafuna pipi kwa jino ambalo Mola wake amempa alitumie mpaka uzeeni. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali, nayo tindikali hutoboa jino kidogo kidogo. Tena madaktari wanatwambia kwamba kinachodhuru zaidi ni kurudia-rudia. Pipi tano zilizoliwa pamoja na pilau, kisha mdomo ukasafishwa, zina madhara madogo kuliko pipi tano zilizomung'unywa tangu asubuhi hadi magharibi.

Sasa tuangalie mwenendo wa Mtume wetu. Aliingia nyumbani, akaanza kwa mswaki. Aliamka usiku kusali, akasafisha kinywa. Alisema kwamba lau asingechelea kuutia umma wake mashakani, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Na katika saa zake za mwisho, akiwa ameegemea kifuani mwa Bibi Aisha, aliingia Abdurrahman mwana wa Abubakar na kijiti cha mswaki mkononi. Mtume akakitazama. Bibi Aisha akafahamu, akamwuliza kama amchukulie, naye akaitikia kwa kichwa. Bibi Aisha akakilainisha kwa meno yake, akampa, naye akapiga mswaki vizuri mno. Mgonjwa katika hali ile hakuacha kinywa chake, nasi wazima tunalala na mabaki ya futari mdomoni!

Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Neno mswaki limetokana na Kiarabu, nalo ni jina la mti kabla ya kuwa jina la kifaa cha dukani. Mti huo humea katika nchi kavu. Kata kijiti kibichi, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua polepole, na ncha ikichakaa ikate. Mafakihi wa Kishafii wamesema kwamba chochote chenye kukwaruza kidogo, safi, chenye kuondoa uchafu kinatosheleza sunna, kwa hiyo aliye na mswaki wa dukani asijione amepungukiwa.

Idi iliyofuata nilitupa kopo, nikawapa watoto miswaki. Mtoto mmoja wa kike akaugeuza wake mkononi, akaniuliza, “Maalim, hii ndiyo Idi?” Nilicheka, lakini alinifundisha. Sikukuu ni furaha, na zawadi isiyofurahisha ni mawaidha tu. Tangu hapo naweka miswaki ya rangi mbalimbali, kila mtoto achague mwenyewe, na pamoja nayo sarafu na tende mbili tatu. Tende nazo zina sukari na hunata, kwa hiyo tunazila pamoja, kisha tunatoka uani kupiga mswaki kwa shindano. Watoto wa jirani zetu wasio Waislamu huja kula pilau, nao hupewa sawasawa.

Wazazi, mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na wa mitatu hadi sita kiasi cha njegere, nanyi mshike mkono wake, maana peke yake hawezi. Na jambo moja la haki: baadhi ya visima vya nchi yetu vina madini ya floridi kupita kiasi, hata katika Shinyanga, ambamo Bariadi ilihesabiwa kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Anayekunywa maji hayo utotoni huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mtoto huyo asichekwe madrasani kwamba ni mchafu. Huenda anasugua kuliko wewe unayemcheka.

Yule mvulana sasa ni kijana, na pengo lake huonekana anaposoma Kurani kwa sauti. Kila Idi huja kunisaidia kugawa miswaki.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.