Esansi ilikuwa inaenda wapi?

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu ambaye ni fundi wa magari, katika mkutano mkuu hapa Mangina. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mliniomba nieleze kwa nini gari yetu, ile Noah, inakunywa esansi kuliko zamani. Lakini tusidanganyane. Swali lililokuwa mdomoni mwa wengi lilikuwa lingine: shofere anaiba ao haibi? Ni miezi miwili sasa tumemsimamisha kazi. Mimi pia nilikuwa kwenye komite siku ile, na niliinua mkono kukubali. Kwa hiyo sisemi leo kama mtu aliyekaa pembeni.

Tuanze na daftari. Kutoka hapa mpaka Beni ni kilometa kama 30, kwenda na kurudi 60. Kabla hatujakimbia, bidoni moja ya lita 20 ilikuwa inakaribia safari tatu. Tuliporudi, bidoni moja, safari mbili, basi. Mwenye kuona hesabu hiyo anafikiri mara moja kwamba lita zingine zinauzwa njiani. Nasi tukafikiri hivyo. Wafadhili nao waliuliza, na walikuwa na haki, juu ile esansi ni ya kupeleka wagonjwa na wamama wenye mimba Beni, si ya kutembeza komite. Mnakumbuka mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa hapa kwetu tarehe 1 Agosti, namna magari makubwa yalivyojaa barabara hii. Tulizoea kuona tangi zikijazwa, sisi hatukuwa wa kuhesabu lita. Sasa gari ni yetu, na kila lita tunaichangia.

Kitu cha kwanza sikugusa injini kabisa. Nilinunua bidoni ya lita 20 pale tunaponunuaga siku zote, nikaenda nayo nje, mbali na moto, nikaimimina kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa 12 zikajaa. Ya 13 haikupata kitu. Hesabuni wenyewe: lita 18. Nikaigeuza ile bidoni, nikaona chini yake imesukumwa kuingia ndani, kama plastiki iliyopata moto. Sitaji mtu, na sijui ni nani aliyeifanya hivyo, bidoni inapita mikono mingi tangu Kasindi mpaka hapa. Lakini lita mbili tulizilipa na hazikuingia kwenye tangi hata siku moja. Daftari yetu iliandika 20 kwa sababu tulilipa 20.

Halafu nikapima gari. Njia ya kupima ni rahisi, kila mwenye gari anaweza. Unasimamisha gari mahali palipo sawa, unajaza tangi mpaka shingoni. Unafanya safari. Unarudi palepale, gari inaangalia upande uleule, unajaza tena mpaka shingoni kwa chupa uliyoipima. Kile ulichoongeza ndicho gari ilichokunywa. Kontere yetu imekufa zamani, lakini haina neno, barabara ya Beni haijarefuka. Kila kipimo nilifanya safari mbili, juu safari moja inaweza kukudanganya kwa sababu ya matope ao mzigo.

Mimi mwenyewe nilishika usukani, na mweka hazina alikaa pembeni yangu safari zote. Tulipata lita 9 kwa safari moja. Lita 9 mara mbili ni 18. Na bidoni yetu ilikuwa na 18. Hesabu ikafunga. Kama kulikuwa na mwizi ndani ya gari siku hizo, basi ni mimi ao mweka hazina.

Nilirudi nyumbani siku ile sikula vizuri.

Haya, lita 9 bado ni nyingi. Zamani ilikuwa 7 kidogo. Sasa njo kazi ya fundi inaanza, na hapa nataka mnisikilize, kwa sababu kila mtu mu Mangina ni daktari wa magari. Mmoja aliniambia, “Badilisha filtre ya hewa tu, ile mutuka itapona.” Nilibadilisha, na ilikuwa chafu kweli, vumbi lote la barabara lilikuwa ndani. Nikapima: 9. Injini ilipata nguvu zaidi mlimani, lakini esansi haikupungua. Kwenye gari za zamani zaidi zenye karbirateri, filtre ikiziba, hewa inakuwa kidogo na esansi inakuwa nyingi, hapo utaona tofauti. Yetu inapulizia esansi kwa kompyuta. Hewa ikipungua, kompyuta inapunguza esansi pia. Kwa hiyo filtre muibadilishe, lakini msitegemee itarudisha pesa.

Niliweka sheria moja: kubadilisha kitu kimoja, kupima, halafu kingine. Ukibadilisha vitu vitano siku moja, utalipa vitano, na hautajua ni kipi kilikuwa kinakula.

Kitu cha pili kilikuwa freni. Tulipokimbia, gari ilibaki mu parseli miezi mingi, mvua juu yake, nyasi mpaka kwenye milango. Chuma kikikaa hivyo kinashika kutu. Freni ya mbele upande wa kushoto ilikuwa inashika na haiachii vizuri. Gari ilikuwa inatembea huku imeshikwa mkono, na injini inavuta kwa nguvu kushinda. Shofere alikuwa ametuambia kwamba gari ni nzito, tukasema anatafuta sababu. Kupima ni hivi: tembea kilometa chache, simama polepole bila kukanyaga freni sana, shuka, weka mkono karibu na kila mpira. Usiguse chuma, kitakuunguza. Mmoja ukiwa wa moto kuliko wenzake, umempata. Ao uinue na kriki, uzungushe mpira kwa mkono. Ule wetu ulizunguka nusu ukasimama. Tulifungua, tukasafisha, tukabadilisha mipira midogo ya ndani. Siku hiyo tulipiga na upepo. Mipira miwili ya nyuma ilikuwa laini, na kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kakaratasi kaliko karibu na mlango wa shofere, hakuna haja ya kukisia kwa teke. Tulipopima tena: lita 8 na kitu.

Lile la mwisho njo lilinichukua siku nyingi zaidi. Mweka hazina ndiye aliyeniuliza, “Huu mshale wa joto hauendagi juu?” Tulikuwa tumefika karibu na Beni, na mshale wa joto la injini ulikuwa bado chini. Watu wengi wakiona hivyo wanafurahi, wanasema injini ni nzuri, haichemki. Kumbe ndio ugonjwa wenyewe. Injini ya esansi inataka joto lake. Ikiwa baridi, kompyuta inafikiri ni asubuhi, gari imewashwa sasa hivi, na inaongeza esansi ili isizime. Yetu ilikuwa asubuhi kutoka Mangina mpaka Beni na kurudi.

Nikafungua pale termostati inapokaa. Hakuna kitu. Termostati ni kamlango kadogo kanakofunga maji yasiende kwenye radiatere mpaka injini ipate joto. Nani aliitoa? Nilimwendea shofere kwake kumuuliza. Aliniambia kwamba tulipotoka kuifufua gari, ilichemka njiani, fundi mmoja akaitoa na kusema kwetu huku ni joto, haina kazi. Ni kawaida ya mafundi wengi, na mimi pia nilishawahi kufanya hivyo zamani nilipokuwa kijana wa garaji, siwezi kumcheka. Ile gari ilichemka kwa sababu radiatere ilikuwa imejaa matope na majani mbele. Ukitoa termostati, mshale unashuka, mteja anakulipa, na esansi inaanza kwenda polepole kila siku bila mtu kuona.

Tuliosha radiatere kwanza. Halafu tukatafuta termostati Butembo, juu Beni hatukuipata. Kabla ya kuifunga niliitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu. Maji yakikaribia kuchemka, kale kamlango kanafunguka, ukiyapoza kanajifunga. Isipofanya hivyo, mrudishie aliyekuuzia. (Mama wa nyumbani alisema ile sufuria sasa ni ya garaji.) Tukaifunga. Mshale ukapanda mpaka katikati ukakaa pale. Buji, ambazo zilikuwa nyeusi kama masizi ya jiko, baada ya wiki mbili zikaanza kuwa na rangi ya udongo. Kipimo: lita 7. Bidoni ya lita 20 za kweli inakaribia tena safari tatu.

Kuna mengine madogo. Kile chuma cha mizigo juu ya gari, kama hakuna mzigo, tukitoe. Kwenye baria, injini inayonguruma saa nzima inakula karibu lita moja bila kusogea. Zimeni, kama batri ni nzima na mahali ni pazuri. Kama mahali si pazuri, ninyi mnajua wenyewe, acheni ingurume.

Bado kuna sonda kwenye bomba la moshi, ile inayoiambia kompyuta kama esansi imezidi. Ni ya zamani, ya siku gari ilipotengenezwa nafikiri, na sikuibadilisha kwa sababu ni ghali na kipimo tayari ni kizuri. Wafadhili wakitaka kusaidia, nasema wazi, isiwe sonda kwanza. Tupeni mipira miwili ya nyuma, imekwisha.

Na kipimo cha lita. Komite imekubali kwamba kuanzia sasa esansi inapimwa mbele ya watu wawili kabla ya kuandikwa, na daftari inapata mstari mwingine: lita zilizolipwa, na lita zilizoingia.

Sasa shofere wetu. Nilipomwendea kwa ajili ya termostati, aliniambia hivi: “Papa, mimi sijaiba hata chupa moja, lakini hakuna aliyeniuliza kuhusu gari, mliniuliza kuhusu mimi.” Sikuwa na jibu. Yuko pale nyuma karibu na mlango. Naomba komite iseme leo, hapa mbele ya wote, kama vile tulivyomsimamisha mbele ya wote. Na ile miezi miwili, naomba tuizungumze kabla hatujafunga mkutano, maana ana watoto wa shule.

Kwa upande wangu nimemaliza. Mama pale, naona mkono wako.