Nchi Jirani: Sabuni na Heshima ya Askari

Tarehe 4 Agosti 1972, Jenerali Idi Amin aliwatangazia askari katika kambi ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza lazima waondoke nchini. Wakapewa siku 90. Utawala wake uliliita jambo hilo Vita vya Uchumi. Maelfu ya maduka na shughuli nyingine yakagawiwa wenye mali wapya, na miongoni mwao walikuwamo wanajeshi wengi na rafiki zao. Wananchi wakawabandika jina la Kiswahili: mafuta mingi.

Ushindi wa vita hivyo haukudumu. Wengi wa waliopewa maduka waliuza bidhaa walizozikuta, na zilipokwisha hawakujua pa kuagizia nyingine, wala fedha za kigeni hazikutosha. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika. Kiwanda cha sabuni hakiendeshwi kwa hotuba. Huendeshwa kwa mafuta, soda kali, vipuri na mafundi. Sabuni iliyokosekana dukani ilipatikana kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kuruka. Neno magendo likaenea Uganda nzima, hata likawa jina la maisha ya wakati ule. Tanzania nayo ilionja uhaba wa sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ingawa kwa sababu nyingine.

Katika hali kama hiyo, mtu wa kutazamwa kwanza ni askari. Yeye ndiye anayetumwa mpakani kumkamata mlanguzi. Lakini sare yake ikiwa imefuliwa kwa sabuni ya mlanguzi huyo huyo, mkono wa sheria umekwisha kufungwa. Rushwa haianzi na mamilioni. Yaweza kuanza na mche mmoja wa sabuni.

Nyumba ya askari inaweza kujikinga na mtego huo, maana sabuni si siri ya kiwanda. Ni mafuta yaliyochanganywa na maji makali. Wazee waliyapata maji hayo kwa kuchuja jivu, na jivu la maganda ya ndizi, ambayo Uganda haikupata kuyakosa, ni miongoni mwa majivu yaliyo bora. Yakichemshwa pamoja na mafuta kwa muda mrefu, hutoa sabuni laini ya kufulia.

Mwenye kutaka sabuni ngumu hutumia soda kali. Kilo 1 ya mafuta ya mawese huhitaji gramu 134 za soda hiyo na gramu 330 za maji. Vipimo havikisiwi, hupimwa kwa mizani. Soda hutiwa ndani ya maji polepole. Kamwe maji hayamiminwi juu ya soda, kwani huchemka ghafula na kuruka. Sufuria ya alumini haifai, kwa kuwa soda huila. Macho na mikono hukingwa, na watoto huwekwa mbali. Mchanganyiko huo hukorogwa mpaka uwe mzito kama uji, ukamiminwa katika kiunzi, ukakatwa vipande kesho yake, na kuachwa wiki 4 ukauke.

Asiyetaka kushika soda kali anayo njia nyepesi zaidi. Mche wa dukani hukwaruzwa ukayeyushwa katika maji ya moto. Magadi kidogo, ya namna ile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, huyeyushwa kwanza katika maji ya kufulia. Magadi hulainisha maji magumu, hivyo sabuni haipotei bure na mche mmoja hufua nguo nyingi zaidi.

Ni kweli kwamba jungu la sabuni nyuma ya nyumba haliwezi kuchukua nafasi ya kiwanda, na taifa lisiloweza kuwauzia wananchi wake sabuni lina ugonjwa ambao jivu haliuponyi. Lakini akiba ya nyumba ndogo si haba. Shilingi isiyokwenda kwa mlanguzi hubaki kwa karo ya mtoto, na askari asiyedaiwa fadhila na mhalifu humtazama usoni anapomkamata.

Uganda ya miaka ile ilikuwa na bunduki nyingi na sabuni chache. Utawala ule uliangushwa Aprili 1979. Jeshi lililokwisha kuzoea kuishi kwa magendo lilikuwa limepoteza heshima ya raia muda mrefu kabla ya kupoteza Kampala.