Hesabu Inayoanzia Kilimanjaro

Kitabu cha picha, yaani kile ambacho michoro yake hubeba maana sawa na maneno, humfikisha mtoto mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Moja Means One, kilichochapishwa Marekani mwaka 1971 kwa maandishi ya Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na michoro ya Tom Feelings, humwongoza msomaji wa Kiingereza kuhesabu kwa Kiswahili hadi kumi, akianzia kilele chenye theluji cha Kilimanjaro na kupitia mchezo wa bao, ambao wenyewe ni hesabu tupu. Michoro hiyo ilipata nafasi ya heshima (Caldecott Honor) katika tuzo ya Caldecott, ya michoro ya vitabu vya watoto, mwaka 1972, ingawa mandhari ya shamba yametawala mno, kiasi kwamba mtoto wa Chicago asingeshuku kuwa Kampala ina barabara za lami.